Wakunga Saba wa Editha

Jamani, nimechoka kusimulia vipande vipande. Mwajuma alinikamata sokoni nikampa kipande cha msibani, Bi Saada akanipigia simu nikampa cha Kagoma, na sasa nasikia kwenye kikundi chetu kuna mtu anasema nilikwenda Buganguzi kuolewa. Kuolewa na magoti haya! Basi nimekaa chini niandike yote mara moja, msome wenyewe, mniache nipumzike. Editha ameniruhusu, maana habari ni yake kuliko yangu.

Bakoba, mtaani kwetu Bukoba, kabla sijatoka

Mnajua kwamba tangu nistaafu ualimu najitolea kwenye ofisi ya msaada wa kisheria, ile ya bure. Wanaokuja kwetu ni wakimbizi, wahamiaji wasio na pa kushika, na wengine ambao wenyewe hawajui wamo kundi gani. Wakili wetu ni Johanitha, binti mkali lakini moyo wake ni mlaini. Kazi yangu mimi ni kusikiliza, kuandika, na kutumwa. Hasa kutumwa.

Editha ni fundi cherehani, ndiye anayeshona sare za nusu ya watoto wa mtaa wetu. Ana watoto wawili na mume wake anavua samaki visiwani. Alipokwenda kuomba kitambulisho aliulizwa cheti cha kuzaliwa, hana. Mtu mwingine naye, simtaji, akapeleka maneno kwamba huyu si wa hapa, alikuja na wakimbizi. Afisa wa uhamiaji akamwita, akamwambia kwa adabu tu alete maandishi ya watu walioshuhudia kuzaliwa kwake. Editha akapiga simu kijijini kwao Buganguzi. Zikaja barua saba.

Johanitha alizitandaza mezani akaniambia nisome. Barua ya kwanza, mama mmoja anaapa kwamba alimzalisha Editha kwa mikono yake mwenyewe, msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa. Ya pili, mama mwingine kabisa anaapa kwamba alimzalisha yeye, na hakukuwa na mtu mwingine chumbani, msimu wa kuchuma kahawa. Ya tatu, Editha amezaliwa alfajiri mvua ikinyesha. Ya nne, amezaliwa mchana wa jua kali katikati ya migomba. Wakaendelea hivyo mpaka wa saba. Wakunga saba, mtoto mmoja! Nilicheka mpaka miwani ikadondoka.

Johanitha hakucheka. "Mama Shamimu, afisa ameshazisoma."

Akanieleza taratibu, kama ninavyowaeleza ninyi. Mtu aliyeletwa hapa akiwa mtoto, kwa kukimbia vita, ana mlango wake kwenye sheria: anaandikwa kwanza, anaruhusiwa kukaa, halafu anaomba uraia. Ni mlango mwembamba na foleni yake ndefu, lakini upo. Anayedanganya kwamba alizaliwa hapa hana mlango, ana kesi. Akishindwa kesi anapelekwa nchi asiyoijua hata njia zake, na watoto wanabaki wakimlilia. Afisa ametoa mpaka Jumatatu saa tatu asubuhi. Wakija na ukweli, atausikiliza. Wakija na mkunga mwingine, faili linakwenda mahakamani.

"Kwa hiyo ukweli ni upi?" nikauliza.

"Mama yake ndiye anayeujua. Na kwenye simu hasemi."

Kweli, nilimpigia mwenyewe huyo mama, Ma Verdiana. Akanisikiliza vizuri, akaniuliza hali ya watoto, akaniuliza hali ya mvua mjini, mwisho akasema, "Huyo nilimzaa mimi, waitu," yaani mwenzetu, akakata simu. Editha alikuwa amezuiwa kutoka mjini. Basi Jumatano nikajifunga ushungi, nikapewa sukari na sabuni za kumpelekea mama yake, nikatoka. Najua Buganguzi si Ulaya. Mtu anatoka asubuhi anarudi jioni. Mimi nilirudi siku ya tano.

Bukoba hadi Muleba: msiba usio wangu

Nilipata lifti kwenye pikapu ya Mzee Deo, jirani yetu, aliyekuwa anapeleka mabati Muleba. Nilifurahi, nikajua saa nne niko Muleba, saa sita niko Buganguzi nakula ndizi. Tulipopita Kemondo tu, Mzee Deo akapunguza mwendo. Kando ya barabara watu wamejaa, wanawake wamejifunga khanga kiunoni, turubai limefungwa. Akaegesha gari.

"Unamfahamu marehemu?" nikamuuliza.

"Hapana."

"Sasa tunasimama ya nini?"

"Wameniona," akasema, akashuka.

Mimi ni mzaliwa wa Bukoba, lakini babu yangu alitoka pwani, na kuna mambo ya Wahaya ambayo hata sasa yananiacha mdomo wazi. Ukionekana umepita msiba bila kusimama, hilo halisahauliki. Nikashuka nikinung'unika. Sijafika hata kwenye mkeka, mama mmoja akaniona na ushungi wangu akapiga yowe: "Mkwe wa Dar amefika!" Nikashikwa mikono yote miwili, nikapelekwa mpaka ndani, nikakalishwa ubavuni mwa mjane. Kihaya changu ni cha sokoni. Najua bei, sijui kukanusha ukwe. Mjane akaniangukia begani akalia. Ningefanya nini? Nikalia naye. Na niwaambie kweli, nililia kweli, maana nilimkumbuka marehemu baba Shamimu wangu.

Wakanilisha ndizi na maharage kwenye jani la mgomba, tena wakaniongezea kwa sababu mkwe ametoka mbali. Mazishi yakafanyika pale pale shambani, yaani kibanjani, nyuma ya nyumba, kando ya makaburi ya wazee wao. Mzee mmoja aliyekaa karibu nami akaona nashangaa akanielezea kwa Kiswahili safi: "Sisi mtu wetu tunamzika kwetu. Kibanja ndicho kinachotujua. Mgeni hatumziki humu, labda awe amekwishakuwa ndugu."

Saa tisa mkwe wa kweli akafika, mwanamke mrefu, mwembamba, amevaa suruali, wala hatufanani hata kidole. Halafu mjane mwenyewe, macho yamevimba, akacheka. Akasema neno kwa Kihaya na wote wakacheka. Nikamuuliza Mzee Deo amesema nini. "Amesema wewe umelia vizuri zaidi." Tukaingia Muleba jioni, nikalala kwa mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi naye ni mwalimu na bado ananiogopa.

Muleba hadi Kagoma: mkunga wa nane

Alhamisi ilikuwa ya mvua. Si mvua ya kupita, ni ile ya Novemba inayokaa kama mgeni asiyejua kuaga. Nilifika Kagoma nimelowa mpaka mifupani, na huko wakaniambia bonde la mbele limejaa maji, bodaboda hazipiti, nisubiri. Nikasubiri kwenye hoteli ya Mama Anitha, kibanda cha mbao chenye benchi mbili na jiko moja linalotoa moshi wote kwa wateja. Nilikuwa na hasira jamani. Nilihesabu siku kwenye vidole: Alhamisi, Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Kila nikihesabu, Jumatatu ilikuwa pale pale.

Hasira ikanitoka Mama Anitha alipoleta sahani ya senene. Walikuwa wameanguka wengi wiki ile, amewakaanga na kitunguu na chumvi kidogo, wanavunjika mdomoni. Nikala sahani mbili. Mkiniona nimenenepa, ndipo nilipoanzia.

Kosa langu lilikuwa kuuliza. Nikasema kwa sauti, tumbo limejaa, "Jamani, kuna anayemfahamu Ma Verdiana wa Buganguzi? Mwanawe ni Editha, fundi."

Benchi zote mbili zikanigeukia. Mama Anitha akaacha kukoroga chai. Wakautazama mkoba wangu, wakaitazama kalamu yangu, nikajua wameshaniona mimi ndiye afisa. Kijana mmoja wa bodaboda, amevaa koti la mvua la njano, akakohoa akasema, "Editha ni wa hapa hapa, mama. Alizaliwa kule kwao. Hata mimi nilikuwepo."

"Ulikuwepo alipozaliwa?"

"Nilikuwepo kabisa."

"Una miaka mingapi wewe?"

Akafikiri. "Ishirini na minne."

"Editha ana thelathini na mbili."

Hakutikisika. "Basi nilisikia," akasema.

Nilitaka kumkemea kama darasa la tatu, lakini kicheko kikanishinda, na wao wakacheka kwa woga. Ikabidi niseme mimi ni nani, nimetumwa na nani, na Jumatatu kuna nini. Kijana yule anaitwa Jasoni. Akasema, "Kumbe tunamharibia." Na ndiyo hivyo hasa. Nililala kwa Mama Anitha, na Ijumaa maji yalipopungua Jasoni akakataa nipande pikipiki nyingine isipokuwa yake.

Kagoma hadi Buganguzi: makaburi saba

Jasoni aliendesha polepole kwa sababu kila kona nilimpigia kelele. Njia ilikuwa matope mekundu, migomba huku na huku, mikahawa chini yake, na mahali pawili tulishuka tukasukuma, yaani yeye akasukuma na mimi nikasema "Bismillahi."

Ma Verdiana alikuwa mlangoni, kama vile alijua saa yangu. Ni mama mdogo wa umbo, mgongo umenyooka, rozari shingoni. Nikamwamkia shikamoo, akanishika mikono akanikaribisha kwa maneno mengi ya Kihaya, nami nikaitika yale ninayoyajua. Akaniletea akamwani, zile kahawa kavu za kutafuna, kwenye kikapu kidogo. Mgeni hulazimika kutafuna kwanza, ndipo aseme lililomleta. Nikatafuna, nikasema. Akasikiliza kila neno, akitikisa kichwa kwa huruma kana kwamba nasimulia matatizo ya mtu mwingine.

"Nilimzaa mimi, waitu," akasema nilipomaliza. "Ngoja nikupikie."

Akapika ndizi na dagaa, nikala. Nikajaribu tena baada ya chakula, akaniuliza kama watu wa pwani wanapika ndizi. Nikajaribu mara ya tatu, akachukua jembe dogo akaniambia anakwenda kupalilia, nikitaka nimfuate.

Nikamfuata kibanjani. Makaburi yalikuwa saba. Akanitajia huku anang'oa majani: la mume wake, la mkwe mwanamume, la mkwe mwanamke. Matatu madogo yamepangana. "Haya ni ya wanangu," akasema. "Hakuna aliyefikisha mwezi." La saba lilikuwa limetengwa kidogo, halina jina, lakini lilikuwa safi kuliko yote, na maua ya njano yamepandwa pande zote.

"Na hili?"

"La shangazi yake Editha."

"Dada wa marehemu mumeo?"

"Ndiyo."

"Alikuwa anaitwa nani?"

Akaendelea kupalilia. Mimi si mjanja, niwaambieni ukweli, mambo mengi yananipita. Lakini miaka ishirini na sita ya kufundisha imenifunza mtu anavyonyamaza akiwa hana jibu, na anavyonyamaza akiwa nalo. Na maneno ya yule mzee wa msibani yalikuwa bado kichwani.

"Mama," nikasema, "hata shangazi ana jina."

Ma Verdiana akakaa chini, pale pale kwenye udongo wenye maji. Halafu akanisimulia, Kiswahili kikimwishia anaingia Kihaya, akirudi tena.

Mwaka ule wa wakimbizi wengi, watu wakimiminika kutoka ng'ambo ya mto Kagera, alikuja mama mmoja na mtoto wa miaka miwili mgongoni. Alikuwa mgonjwa, anatembea kwa kushika migomba. Verdiana alikuwa amezika mtoto wake wa tatu wiki chache kabla. Akamweka mgeni ndani, akamuuguza siku tisa. Siku ya kumi akafa. Wanaume wakasema azikwe kule pembeni ya barabara, maana si mtu wa ukoo. Mume wa Verdiana akakataa. Akasema, "Aliyelala nyumbani mwangu siku tisa ni dada yangu," akachukua jembe akaanza kuchimba mwenyewe kibanjani. Wengine walipoona hivyo wakamsaidia. Na pale kaburini, wanawake walioosha maiti, saba kwa idadi, wakaapa na Verdiana kwamba mtoto huyu hataambiwa kamwe kwamba hana kwao.

"Wakati ule hawakumzalisha mtu," akasema. "Walimwosha mama yake. Simu ilipokuja kuuliza nani alishuhudia, kila mmoja akaona ni zamu yake kumtetea. Hawakuulizana."

Nilikuwa nimecheka zile barua, jamani. Nilicheka mpaka miwani ikadondoka, nikaona aibu pale kaburini.

Lakini Jumatatu ilikuwa pale pale. Nikamwambia aje aseme hayo hayo kwa afisa. Akakataa. Nikambembeleza, akakataa. "Miaka thelathini nimemnyima jambo moja tu," akasema. "Unataka nimpe mbele ya serikali? Atanitazama vipi?" Hapo nikashindwa na ulimi wangu, mnaujua. Nikamwambia, "Mama, uongo wenu mzuri utampeleka Editha mahali ambapo hakuna hata mmoja wenu wa kumwosha." Nilijuta kabla sijafunga mdomo. Yeye akainuka, akakung'uta gauni, akaingia ndani kumenya ndizi za jioni. Hatukuzungumza tena siku ile.

Jumamosi: nyumba saba, sahani saba

Asubuhi nilimkuta amevaa gauni la kanisani.

"Tuliapa wengi," akasema. "Siwezi kuvunja peke yangu. Twende tukawaombe."

Basi tukazunguka. Nyumba saba, na kila nyumba akamwani kwanza, kisha habari za mifugo na za wajukuu, kisha sahani. Ukikataa chakula umekataa ombi lako mwenyewe. Nyumba ya kwanza ndizi na maharage. Ya pili ndizi na karanga. Ya tatu viazi vitamu na maziwa. Ya nne nilimnong'oneza Ma Verdiana kwamba nitakufa, akanijibu, "Utazikwa vizuri, kula." Huyo ndiye mama ambaye jana nilidhani nimemvunja moyo!

Kila nyumba Ma Verdiana alieleza, mwenye nyumba akalia, mimi nikatoa karatasi aliyonipa Johanitha, inayosema barua ile ya kwanza ifutwe na ukweli ni huu, nikaujaza, mwenye nyumba akaweka kidole. Mmoja akaniomba nimwambie Editha asimchukie. Mwingine aliuliza kama kuna njia ya yeye kufungwa badala yake, na hakuwa anatania.

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Bibi Anastela, mzee kuliko wote, haoni vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Lakini mimi nilimzalisha."

Ma Verdiana akamwambia kwa upole, "Bibi, hukumzalisha."

"Nilimzalisha. Alilia kwa nguvu. Nikamfunika na kitenge changu cha bluu."

Amesema mara nyingi mpaka ameamini, na huenda kitenge alimfunika kweli, usiku ule wa msiba. Tukabishana naye saa nzima. Mwisho akanyoosha kidole nikakipaka wino. "Naweka kwa sababu Verdiana ameniomba," akasema. "Lakini nilimzalisha mimi." Nikamwambia sawa, Bibi. Sikuwa na nguvu ya kusema lingine, na moyoni sikutaka.

Buganguzi hadi Bukoba: Ma Verdiana na mkungu wa ndizi

Jumapili hakuna kuondoka kabla ya misa. Nilimngoja nje ya kanisa, na baada ya misa ikabidi tungoje ndizi, maana hakuna mama wa Kihaya anayekwenda kwa mwanawe mikono mitupu. Jasoni akaja na mwenzake, mimi nikapanda moja, Ma Verdiana na mkungu wakapanda nyingine. Kagoma Mama Anitha alitupakulia senene kwenye kopo, akazikataa shukrani zangu kwa mkono.

Ndani ya basi Ma Verdiana alikaa dirishani. Hakuwa amefika Bukoba tangu arusi ya Editha. Kwa muda mrefu alinionyesha vitu: kanisa hili, mlima ule, ng'ombe wa watu fulani. Ziwa lilipoonekana akaegemeza kichwa kwenye kioo. Nikadhani amelala.

"Mama Shamimu," akasema. "Nikishasema, kwenye karatasi yao wataniandika nani?"

Nikamwambia sijui. Nilimwambia Johanitha ni binti mwerevu, atapata neno. Akashika mkono wangu akaushikilia mpaka tumeingia mjini. Kwangu alikataa chai, akakataa chakula, na hakutaka kuonana na Editha siku ile. Alisema akimwona kwanza, hatasema tena.

Jumatatu, saa tatu asubuhi

Editha alitukuta kwenye benchi la ofisini. Alimrukia mama yake kwa furaha, akapiga goti kumwamkia, "Mae," yaani mama kwa Kihaya, na Ma Verdiana akamwitikia huku anaangalia sakafu. Tukaingia watano: afisa, Johanitha, Editha, Ma Verdiana na mimi. Afisa ni mtu wa makamo, mtaratibu. Alipokea karatasi saba za vidole akazisoma zote, na aliposoma ya Bibi Anastela, ambapo mimi nilikuwa nimeandika neno lake kama lilivyo, akaweka mkono mdomoni kuficha tabasamu.

Kisha akamgeukia Ma Verdiana. Akamwambia anaruhusiwa kuongea Kihaya, Johanitha atatafsiri.

"Hapana," Ma Verdiana akasema. "Nitasema Kiswahili. Kwa Kihaya mdomo unakataa."

Akashika rozari yake. Akasema, "Huyu sikumzaa. Mama yake alikuja amemweka mgongoni, akafia kwangu. Alikuwa anaitwa Esperansi. Yuko kibanjani, kwenye maua. Mimi nilimlea tu." Akarudia, sauti imepungua, "Nilimlea tu."

Sikuthubutu kumwangalia Editha. Nikaangalia viatu vyangu, nikaona matope ya Buganguzi bado yapo, na nikangoja kilio.

"Najua, Mae," Editha akasema.

Ma Verdiana akainua kichwa. "Unajua nini?"

"Kwamba hukunizaa. Tangu darasa la pili. Tuligombana na Koleta kwenye kuruka kamba akanitupia neno hilo."

"Darasa la pili! Mbona hukusema?"

"Ungelia."

Afisa akainuka akaenda kufungua dirisha ambalo lilikuwa limefunguliwa. Miaka ile yote, jamani, mama amenyamaza asimwumize mtoto, na mtoto amenyamaza asimwumize mama, na mimi nimetembea siku tano kufungua kitu ambacho kila mmoja alikuwa nacho mkononi. Editha sasa ndipo alipolia. Hakulia kwa kuambiwa hakuzaliwa na Verdiana. Alilia kwa lile jina. Alilitamka mara mbili, tatu, Esperansi, Esperansi, akimwangalia mama yake kama anayeuliza kama amelitamka sawasawa, na Ma Verdiana akatikisa kichwa ndiyo.

Makaratasi siwasimulii. Mjue tu kwamba faili halikwenda mahakamani. Editha ameandikwa kama mtu aliyeletwa akiwa mtoto, anakaa kwa ruhusa, anaripoti kila mwezi, na Johanitha ameanza safari ya uraia, ambayo ni ndefu kuliko yangu. Bado haijaisha. Lakini hapelekwi popote, na sare za watoto wenu zitashonwa.

Tulipotoka, wao wawili walitangulia mbele yangu wamebeba ule mkungu, kila mmoja upande wake. Ma Verdiana akasimama ghafla, mkungu ukaning'inia.

"Sasa utaniita nani?" akauliza.

Editha akamtazama kama mtu aliyeulizwa swali la kijinga.

"Kwani umechoka kuitika, Mae?"